Wakikutwa Wahabeshi kwenye pagale: fanya haya kabla hawajafika mahakamani kusema "ni kweli"

Huku kwetu Kilimanjaro mpakani na Kenya, Holili, Himo mpaka kule Tarakea, stori ya Wahabeshi, yani Waethiopia wanaopita kwenda Sauzi (Afrika Kusini), ni ile ile, mtu katoka asubuhi kukatia ng'ombe majani anakuta vijana kumi na tano wamejikunyata kwenye mahindi, au mwenye pagale lake kaja kupima madirisha anakuta watu wamelala chini kama magunia, midomo imekauka, hakuna anayejua Kiswahili zaidi ya "maji" na "Sauzi". Dakika kumi nyingi kijiji kizima kimejaa, simu juu, mwenyekiti wa kitongoji anatafutwa, difenda inakuja, kesho yake au keshokutwa wapo kizimbani na wiki hiyo hiyo kesi imeisha.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, sio wakili, na kitu nimejifunza kwa miaka hii ni kwamba haki za hawa watu mara nyingi hazipotei gerezani kama wengi wanavyodhani, zinapotea siku ya kwanza, kati ya shambani na kizimbani, sababu hakuna aliyemuuliza mtu maswali mawili matatu na kuyaandika. Baada ya hapo hata aje wakili gani anakuwa anafukuza upepo. Kwahiyo naandika kwa ajili ya yeyote anayeweza kuwa pale siku ya kwanza, mwenyekiti, mtendaji, nesi, polisi kata, bodaboda, msaidizi wa kisheria mwenzangu, na hata mwenye pagale.

Anza na pumzi, maswali baadaye

Kama wapo kwenye gari lililofungwa, iwe kontena, tenki au fuso lenye turubai la kubana, fungua milango yote afu subiri kidogo hewa izunguke kabla hujaruka ndani, maana hewa ya mle inaweza kukuangusha na wewe. Sio mambo ya kutishana haya. Juni 2012 wilaya ya Kongwa, Dodoma, zaidi ya watu 40 walikutwa wamekufa baada ya kukosa hewa kwenye lori na kutupwa porini pamoja na wenzao waliokuwa hai bado. Machi 2020 mkoa wa Tete, Msumbiji, kontena moja lilikutwa na maiti 64, waliopona 14. Desemba 2022 pembeni ya Lusaka zilikutwa maiti 27 kando ya barabara na katikati yao mmoja alikuwa bado anapumua, wakamkimbiza hospitali. Huyo mmoja ndo nawaambiaga watu, usifunike mtu khanga mpaka umeweka sikio karibu na pua yake na kumgusa shingo.

Maji mpe kidogo kidogo, asigugumie. Kama hamna pakiti za ORS hapo dukani changanya lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Chakula kizito usikimbilie, najua mama zetu hawa wakiona mtu kadhoofu wanaleta ugali mlima na maharage kwa huruma tu, lakini mtu ambaye hajala siku nne anaanza na uji mwepesi. Anayelalamika miguu imekufa ganzi au anakojoa mkojo rangi ya kokakola, huyo hospitali moja kwa moja, misuli yake imeharibika kwa kukaliwa na wenzie na figo zinaweza kugoma. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, itafuatwa na mtu mwingine huku matibabu yameanza, usimlaze mgonjwa kwenye benchi la kituo kusubiri karatasi.

Kama hamuelewani, jaribu "wuha" ni maji kwa Kiamhari, "bishaan" kwa Kioromo, "biyo" kwa Kisomali. Neno moja la kwao linawashusha presha kuliko hotuba nzima ya Kiingereza.

Na jamani simu. Usipige picha za sura ukarusha kwenye magrupu. Hawa wana ndugu huko, wengine wana madeni kwa watu wabaya, wengine wanakimbia serikali yao, picha yako ya "Wahabeshi wakamatwa" inafika kwa dalali kabla hujamaliza kunywa chai. Kama unataka ushahidi piga picha gari, namba ya gari, mazingira, na uandike saa.

Usijigeuze msafirishaji kwa huruma

Hapa watu wema wanaumia. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 kuhusu kuvusha wahamiaji kwa magendo, ambayo Tanzania iliridhia 2006 na Kenya 2005, inamtambua mvushaji kwa kitu kimoja, faida, yani anayefanya ili apate hela au manufaa mengine. Kumpa mtu maji na uji sio magendo. Lakini sheria yetu ya Uhamiaji inabana pia mambo ya kuwaficha na kuwasafirisha, na hakimu haoni roho yako, anaona bodaboda yako ikiwa na Wahabeshi wawili saa nane usiku. Kwahiyo usiwalaze kwako kimya kimya, usiwasogeze mpaka stendi, usipokee hata elfu tano ya "asante". Mpigie mtendaji au polisi mbele ya mashahidi, andika muda uliopiga, na kama kuna mgonjwa mpeleke kituo cha afya ukiwa umeshatoa taarifa. Kosa la kumvusha mtu kwa magendo ni faini ya milioni 20 au jela miaka 20, sio kitu cha kuingia kwa bahati mbaya.

Lugha, na huyu anayejua Kiswahili

Kwenye kundi karibu kila mara kuna mmoja anayeongea Kiswahili cha Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali na Wahabeshi wengi, anajibu kwa niaba ya wote, polisi wanampenda maana kazi inaenda fasta. Kuwa makini naye. Anaweza kuwa kijana tu aliyekaa Nairobi miezi sita, anaweza kuwa mtu wa dalali aliyewekwa humo kuhakikisha hakuna anayetaja majina. Usimtuhumu, ila usimfanye mkalimani. Mtenganishe kwa heshima, tafuta mtu mwingine, hata kwa simu.

Na mkalimani wa lugha gani? Wengi wanaokwenda Sauzi wanatokea kusini mwa Ethiopia, Hadiya na Kembata, mji wa Hosaena huko. Kiamhari wengine wamekisikia shuleni tu na shule yenyewe waliacha darasa la nne. Nimeona mtu anaulizwa kwa Kiamhari anaitikia "ishi, ishi", kumbe hiyo ni "sawa, sawa" ya adabu tu kama sisi tunavyomuitikia mzee hata hatujamuelewa. Njia ya kupima ni rahisi, muombe arudie kwa maneno yake alichoambiwa. Akishindwa, hajaelewa, na hilo liandikwe. Mkalimani wa Kisomali kwa mtu wa Hadiya ni kama kumleta Mmasai amtafsirie Mmakonde.

Umri, na hesabu iliyonitia aibu

Hili nalieleza kwa urefu sababu kosa nililifanya mwenyewe. Mwaka 2023 dogo mmoja kaniambia kazaliwa 1999, nikatoa kichwani nikaandika miaka 24, nikaendelea na mwingine. Alikuwa na kidevu laini kama cha msichana lakini mimi nimeshaandika, na karatasi yangu ikaenda na wengine. Siku ya tatu mama mmoja wa Kihabeshi anayeuza kahawa mjini akaniuliza, hiyo 1999 ni ya kwao au ya kwetu?

Kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya hii yetu. Mwaka wao unaanza Septemba 11 (mara nyingine 12), na kupata mwaka wa kwetu unaongeza 7 kama amezaliwa kati ya Septemba na Desemba, au 8 kama ni Januari kwenda mbele mpaka wao wanapofunga mwaka. 1999 yao ni 2006 au 2007 yetu. Yule dogo alikuwa na miaka 16. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya 18 ni mtoto, anatakiwa afisa ustawi wa jamii, asichanganywe na watu wazima, kesi yake isikilizwe kama ya mtoto. Mimi kwa kalamu yangu nilimuongezea miaka nane. Tulipambana kurekebisha, afisa ustawi akaja, ikarekebishwa, lakini usiku wa tatu ule alilala na watu wazima na siwezi kuurudisha.

Kwahiyo uliza, umezaliwa mwezi gani wa kwao, mwaka gani wa kwao, na ukiandika andika zote mbili. Uliza pia alikuwa darasa la ngapi alipoondoka, mdogo wake ana miaka mingapi. Kitu cha kufurahisha ni kwamba saa hazina shida, Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, saa mbili asubuhi yao ni saa mbili yetu, kwahiyo akikwambia walipakiwa saa nne usiku iandike hivyo hivyo, ila kwenye maelezo ya Kiingereza hiyo ni "10 pm", mtu akiandika "4" shauri yake.

Jina nalo. Hawana jina la ukoo, ni jina lake, la baba, la babu, kama sisi tu. Liandike yote matatu na umuombe aliandike mwenyewe kwa herufi zake pembeni, hata kwenye kipande cha karatasi. Mtu mmoja akiandikwa kwa namna tatu, polisi hivi, mahakamani hivi, gerezani vile, mama yake akitafuta kupitia Msalaba Mwekundu hampati.

Maswali matatu

Ukishapata mkalimani wa kueleweka na mmekaa pembeni, sio mbele ya watu arobaini, yaulize haya na uandike majibu kwa maneno yake.

La kwanza, ukirudishwa kwenu kuna nini? Wengi watasema hakuna kitu, umaskini, nimeuza ng'ombe wa baba. Sawa. Lakini mmoja atanyamaza afu atasema kuna watu wananitafuta, au vita ilifika kijijini. Huyo sio tena "mhamiaji haramu" wa kwenye habari, huyo anaweza kuwa mkimbizi, na mkimbizi harudishwi mahali atakapouawa au kuteswa, hilo lipo kwenye mkataba wa 1951 na wa nchi za Afrika wa 1969, na Itifaki ya magendo yenyewe kifungu cha 19 inasema haiondoi ulinzi huo. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inataka aripoti ndani ya siku saba tangu aingie, na anaweza kuripoti hata kwa mtendaji wa kijiji, kwahiyo mtendaji ukiambiwa na mtu "naogopa kurudi" usimwambie hayo sio ya ofisi yako. Andika tarehe na saa aliyokwambia, afu taarifa iende Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, wizara ya Mambo ya Ndani, na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Zikipita siku saba bado aseme, na aeleze kwa nini alichelewa, mfano alikuwa amefungiwa.

Na hapa hapa kuhusu ubalozi. Mtu aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa kwamba anaweza kuwasiliana na ubalozi wake. Ni haki yake, sio kazi yako kumpigia. Umuulize kwanza. Kama anayemuogopa ni serikali yake, ukimpigia balozi umemuuza.

La pili, hela. Ulikubaliana kiasi gani, na nani, afu ikawaje? Magendo ni makubaliano, mtu kalipa avushwe. Ila njiani mambo hugeuka, wanafungiwa nyumba huko, bei inapanda, simu inapigwa kwa mama huku kijana anachapwa ili alie mama asikie, hela itumwe kwa hawala, yani kupitia mawakala bila benki. Au anaambiwa atafanya kazi mpaka deni liishe. Ikifika hapo tunaongelea biashara haramu ya binadamu, kuna sheria yake ya 2008, na huyo ni mwathirika wa kulindwa. Kosa la watu ni kuuliza "ulilipa mwenyewe?" akijibu ndiyo wanafunga daftari. Alilipa mwenyewe Moyale, mpakani mwa Ethiopia na Kenya, ya Nairobi hakulipa kwa hiari.

La tatu, kuna mtu kakuumiza? Wanawake na wasichana waulizwe na mwanamke, faragha kabisa. Kama kabakwa, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa ndani ya saa 72 na za kuzuia mimba ndani ya siku tano, kwahiyo swali hili haliwezi kusubiri Jumatatu. Dawati la Jinsia na Watoto pale kituoni, na kama hospitali yenu ina kituo cha Mkono kwa Mkono mpeleke hapo, daktari, polisi na ustawi wako sehemu moja asirudie stori mara tano. Kwa watoto namba ya bure ni 116.

Kizimbani

Siku hizi mahakama zetu zinaendeshwa kwa Kiswahili, tangu sheria ibadilishwe 2021, jambo zuri sana kwetu, kwa kijana wa Hadiya ni Kichina tu. Sheria inataka mtu aliyekamatwa apelekwe mahakamani ndani ya saa 24, na haraka hiyo hiyo ndo inamfanya afike bila mkalimani. Nimekaa kwenye benchi la nyuma nikaona watu zaidi ya ishirini wamepangwa mistari miwili, shitaka limesomwa mara moja, mmoja akasema "ni kweli" na vichwa vyote vikatikisika. Kesi imeisha.

Kisheria kila mmoja anajibu mwenyewe na kila jibu linaandikwa. Kuna kesi ya zamani, Adan dhidi ya Jamhuri, ya 1973 kutoka Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, mawakili wanaijua kwa kichwa, inasema shitaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshitakiwa, aelewe kila kipengele cha kosa, maelezo ya tukio yasomwe naye apewe nafasi ya kuyakubali, kuyapinga au kuongezea. Msaidizi wa kisheria huruhusiwi kusimama kumtetea mahakamani, lakini kuandika barua ya kuomba mkalimani na kuifikisha kwa karani asubuhi kabla kesi hazijaanza hakuna anayekukataza. Barua iwe fupi, majina, lugha anayoijua kila mmoja, nani ana umri wa kutiliwa mashaka, nani ameomba hifadhi. Nakala kwa mwendesha mashitaka, nakala kwa ustawi. Gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, muhuri huo ndo utakuja kuongea baadaye.

Sasa usimdanganye mtu. Kifungu cha 5 cha ile Itifaki kinasema mhamiaji asishitakiwe kwa sababu tu yeye ndiye aliyevushwa, lakini hakiizuii nchi kumshitaki kwa kuingia bila kibali. Kwahiyo ukimwambia "huna kosa utatoka leo" unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Unachokagua ni hati ya mashitaka, je inamshitaki kwa kuingia, au wamemuweka kapu moja na dereva na utingo kwenye kosa la kusafirisha? Mara nyingi aliyekuwa kakaa mbele, aliyeshika tochi, aliyekuwa anagawa maji, anaandikwa msafirishaji. Kifungu cha 16 nacho kinaitaka nchi ilinde uhai wao na wasiteswe hata kama wameingia kimagendo, kwahiyo alama za viboko, majeraha na nyayo zilizopasuka viandikwe kwenye rekodi ya hospitali.

Kama ameshakiri na kufungwa, bado. Aliyekiri kosa kwa kawaida anakata rufaa ya adhabu tu, ila Laurence Mpinga dhidi ya Jamhuri ya 1983 imeweka milango, ikiwemo pale kukiri kwenyewe hakukueleweka au mtu alikiri kwa kutoelewa. Barua yako yenye muhuri, ile ya kuomba mkalimani, wakili ataipenda sana siku hiyo. Wakili wa bure uliza kwenye mashirika ya msaada wa kisheria, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na pia Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Baada ya hukumu

Watu wanasahau hapa. Kifungo kinaisha lakini mtu yupo bado ndani kwa kuwa hana hati ya kusafiria na hakuna nauli ya kumrudisha. Januari 2021 Rais Magufuli akiwa Chato na Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia alitangaza kuachiwa Waethiopia 1,789 waliokuwa kwenye magereza yetu. Kwahiyo weka kalenda, andika tarehe ya kila mmoja kumaliza, na miezi miwili mitatu kabla anza kuandika Uhamiaji, ubalozi wao Dar (kwa asiyeogopa, nimeshasema) na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ambao wana utaratibu wa kurudi kwa hiari. Hiari iwe hiari, fomu asomewe kwa lugha yake, na yule wa "naogopa kurudi" asisainishwe kwa kuchoka tu.

Siku ya kutoka nenda na orodha ya mali zake ya siku ya kwanza. Kama hukuiandika siku ya kwanza ndo basi, kwahiyo iandike, simu aina gani, laini ngapi, hela za nchi gani na kiasi, mkufu, viatu, na nguo aliyovaa. Nguo naisisitiza. Kijana mmoja alikuwa anaililia suruali ya jinzi iliyochanika magoti mpaka askari wanamcheka, nikaenda kuiomba stoo. Akaikunjua upindo wa mguu wa kushoto, ndani pameandikwa namba tatu kwa peni ya bluu, moja imefutika na jasho, nyingine haipatikani. Ya tatu iliita mara mbili ikapokelewa.